Mstari huu ni wa nyota, wa wingu, au wa hewa yetu?

Swali. "Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, Njombe. Nilikuwa nawaeleza wanafunzi kwamba gesi iliyo kati ya nyota hujulikana kwa kuchunguza spektra, yaani mwanga uliotandazwa kwa rangi zake, ambamo gesi huacha mistari myeusi pale inapofyonza rangi fulani; mmoja akanibana. Alisema: mwanga umeanzia kwenye nyota, ukasafiri angani, ukapita kwenye hewa yetu, ndipo ukaingia kwenye darubini. Nyota ina gesi, na hewa yetu ni gesi. Sasa mnajuaje kwamba mstari mweusi wa sodiamu au wa kalsiamu umetiwa na wingu la katikati? Na mnapimaje halijoto na wingi wa gesi ambayo hakuna mtu aliyeifikia? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Naomba ufafanuzi, na kama lipo jambo tunaloweza kulifanya darasani, nitashukuru."

Jibu. Mwalimu, mpe pongezi mwanafunzi huyo. Swali lake ndilo lililobishaniwa na wanaastronomia kwa miaka mingi baada ya mstari wa kwanza wa aina hii kuonekana, na waliolijibu walipita njia anayoidai yeye: kwanza waliiondoa nyota, kisha hewa ya Dunia, ndipo wakabaki na wingu.

Kinachovitenga vitu hivyo vitatu ni mwendo. Nyota ina kasi yake, wingu lina kasi yake, na hewa inakwenda pamoja na darubini iliyo chini yake. Kwa athari ya Doppler, gesi inayotukaribia husogeza mistari yake kuelekea upande wa bluu wa spektra, na inayotuacha huisogeza upande wa nyekundu, kwa kiasi kinacholingana na kasi. Basi hata mistari mitatu ikiwa ya atomu ya aina moja, haiwi mahali pamoja, na inapoangukia mahali pamoja leo, haitabaki hivyo miezi sita ijayo.

Kisa kilichofungua mlango huu ni cha mwaka 1904. Johannes Hartmann, katika kituo cha kuchunguza nyota cha Potsdam, Ujerumani, alikuwa anapima mwendo wa Delta Orionis, nyota inayoitwa pia Mintaka. Ni mojawapo ya zile tatu zilizojipanga mstari kwenye mkanda wa kundi la nyota la Orion. Iko karibu kabisa na ikweta ya anga, hivyo huchomoza mashariki barabara na kuzama magharibi barabara. Kwa mtu wa Kisumu au Kampala hupita utosini, na ninyi wa Njombe mnaiona ikipita kaskazini kidogo ya utosi, jioni za Januari na Februari.

Kwa macho Mintaka ni nyota moja, lakini ndani yake zimo nyota zinazozungukana kila baada ya siku 5.73. Nyota kubwa inapotujia, mistari yake yote husogea upande wa bluu. Siku chache baadaye inapogeuka, mistari hurudi na kuvuka upande wa nyekundu. Mwendo huo unafikia karibu kilomita 100 kwa sekunde kila upande. Hartmann alipoziweka picha zake pamoja aliona mistari ya hidrojeni na heli ikiyumba hivyo kwa kufuata ratiba. Mstari mmoja tu wa kalsiamu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 393.4, haukushiriki. Ulikaa palepale, kwenye mahali panapolingana na kasi ya kilomita 16 hivi kwa sekunde ya kutuacha. Tena ulikuwa mwembamba wenye kingo kali, ilhali mistari ya nyota ni mipana na imefifia kingoni.

Waambie wanafunzi wapige hesabu hiyo wenyewe. Mabadiliko ya urefu wa wimbi ni urefu wenyewe mara kasi, gawanya kwa kasi ya mwanga. Kwa kilomita 16 kwa sekunde, mstari wa 393.4 unasogea nanomita 0.021. Kwa kilomita 100, unasogea 0.131. Hizo ndizo tofauti alizokuwa akizipima Hartmann kwa hadubini, kwenye bamba la kioo la picha. Nauona ni upimaji wa kuheshimiwa sana. Alitangaza kwamba kalsiamu ile haimo kwenye nyota, na kwamba katikati ya nyota na sisi pana wingu.

Si wote waliokubali. Lilikuwapo jibu jingine: huenda gesi imeizunguka Mintaka kama joho pana, nyota zikizungukana ndani yake bila joho lenyewe kuyumba. Mwaka 1919 Mary Lea Heger, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya juu katika kituo cha Lick, California, alionyesha kwamba mistari miwili ya sodiamu, ya nanomita 589.0 na 589.6, nayo hutulia vilevile mbele ya nyota pacha. Hoja ya joho ilidhoofika pale J. S. Plaskett na J. A. Pearce, huko Victoria, Kanada, walipopima mamia ya nyota za mbali mwanzoni mwa miaka ya 1930. Njia Nyeupe, mkusanyiko mkubwa wa nyota ambamo Jua letu limo, inazunguka, kwa hiyo nyota za mbali zina kasi ya ziada inayokua kadiri umbali unavyokua. Kama gesi ingekuwa imeganda kwenye nyota, ingeonyesha kasi hiyohiyo. Walikuta gesi ina karibu nusu yake. Gesi iliyotawanyika njiani kote, kutoka kwetu hadi kwenye nyota, wastani wake uko nusu ya njia, na nusu ya njia ndiyo nusu ya kasi. Tena kadiri nyota ilivyokuwa mbali ndivyo mstari ulivyozidi kukolea. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote katika hadithi hii, na sioni kikifundishwa inavyostahili.

Ipo pia sababu ya kifizikia inayoiondoa nyota. Uso wa Mintaka una joto la kelvini 30,000 hivi (kelvini huhesabiwa kuanzia baridi ya mwisho, nyuzi 273 za Selsiasi chini ya sifuri). Atomu ya sodiamu huachia elektroni yake ya nje kwa nishati ya elektronivolti 5.1 tu, kwa hiyo kwenye uso wa namna hiyo sodiamu isiyo na chaji haiwezi kudumu. Kalsiamu iliyopoteza elektroni moja, ndiyo yenye mstari wa 393.4, hupoteza ya pili kwa elektronivolti 11.9, na kwenye moto huo hupotea nayo. Ndiyo maana wachunguzi wa mawingu huchagua nyota za moto zinazojizungusha kwa kasi. Mistari yake yenyewe ni michache, na mzunguko huitandaza kwa kilomita 100 na zaidi kwa sekunde. Atomu za sodiamu kwenye wingu la kelvini 80, kwa mwendo wa joto peke yake, huupa mstari upana wa kilomita 0.4 kwa sekunde. Kwa kawaida tunapima upana zaidi ya huo, kwa sababu gesi ya mawinguni imo katika msukosuko, na mara nyingi mstari mmoja ni mawingu kadhaa yaliyokaribiana kasi. Hata hivyo, uzi mwembamba juu ya mstari mpana hauna namna ya kujificha.

Sasa hewa yetu. Dunia huzunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde. Septemba, Orion inapoonekana kabla ya mapambazuko, Dunia inakwenda kuielekea, Machi inaiacha. Kwa Mintaka tofauti kati ya miezi hiyo miwili ni kama kilomita 54 kwa sekunde, na kwenye mistari ya sodiamu hiyo ni sawa na nanomita 0.1. Mistari ya hewa, hasa ya mvuke wa maji uliojaa pembeni mwa nanomita 589, haisogei hata kidogo, kwa sababu hewa na darubini vinakwenda pamoja. Kwa hiyo spektra mbili za nyota moja zilizopigwa miezi sita mbalimbali zinatosha: kilichohama ni cha angani, kilichobaki ni cha hewa. Njia ya pili ni kupima usiku uleule nyota ya moto iliyo karibu, isiyo na gesi ya maana mbele yake, kisha kugawanya spektra moja kwa nyingine. Mistari ya hewa hufutika. Taa za barabarani za sodiamu na tabaka la sodiamu lililo kilomita 90 hivi juu yetu zenyewe hung'aa, kwa hiyo huongeza mwanga badala ya kuukata, na mwanga huo unapimwa kando ya nyota na kuondolewa.

Tukishajua mstari ni wa wingu, twende kwenye wingi. Hapa mistari miwili ya sodiamu inatupa zawadi. Kwa atomu zilezile, mstari wa 589.0 hufyonza mwanga kwa nguvu mara mbili ya ule wa 589.6. Gesi ikiwa chache, mstari wa kwanza utaonekana mkubwa mara mbili ya wa pili. Gesi ikiongezeka, mstari wenye nguvu unafika chini kabisa, hakuna tena mwanga wa kufyonza, na ule dhaifu unaanza kuufikia. Uwiano unashuka kutoka 2 kwenda 1. Ukiupima uwiano, umejua uko wapi kwenye safari hiyo, na kutoka hapo unapata idadi ya atomu. Ukikaribia 1, kipimo kimekwisha kazi yake, kwa sababu hata ukiongeza gesi mara kumi mistari itabadilika kidogo tu. Hapo tunahamia kwenye jozi nyingine ya sodiamu iliyo dhaifu sana, karibu na nanomita 330, upande wa urujuanimno. Mchunguzi asiyechunga jambo hili hukadiria gesi pungufu kwa kiwango kikubwa, na nimesoma ripoti za wanafunzi wa chuo zenye kosa hilo mara nyingi.

Angalia pia hesabu hiyo inatoa nini. Inatoa atomu zilizo kwenye nguzo yenye eneo la sentimita moja ya mraba, kutoka kwetu hadi kwenye nyota. Haisemi kama zimebanana kwenye wingu dogo au zimetapakaa njia nzima. Msongamano wa wingu lenyewe unapatikana kwa njia nyingine, na majibu yake ni ya kushangaza: mamia ya atomu kwa sentimita ya ujazo kwenye mawingu mepesi, makumi ya elfu na zaidi kwenye yale mazito yanayozaa nyota. Hewa ya pwani ina molekuli kama 2.5 × 10¹⁹ kwa sentimita hiyohiyo. Wingu tunaloliita zito ni tupu kuliko ombwe la pampu ya shuleni kwenu, ila limeenea umbali mkubwa mno kiasi kwamba mwanga ukishalipita lote umekutana na atomu za kutosha.

Kalsiamu ilitufundisha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Ukiilinganisha na hidrojeni iliyo njiani kuelekea Zeta Ophiuchi, nyota ambayo kwetu ni kama kitabu cha kiada, kalsiamu iliyo katika hali ya gesi ni pungufu maelfu ya mara kuliko inavyopaswa kuwa kwa uwiano wa Jua. Haikupotea. Imeganda kwenye chembe za vumbi. Kwa hiyo mstari wa kalsiamu unapima gesi, na upungufu wake unapima vumbi. Vumbi hilohilo ndilo linalofanya Kilimia kionekane na ukungu wa bluu kwenye picha za darubini. Desemba 1912 Vesto Slipher aliielekeza spektrografu kwenye ukungu ulio kando ya Merope, nyota mojawapo ya Kilimia, akakuta spektra ya ukungu ni nakala ya spektra ya nyota. Maana yake ukungu ule unaakisi tu mwanga wa nyota. Wingu kubwa la Orion ni kinyume chake: linatoa mistari yake yenyewe inayong'aa, kwa sababu nyota za moto zilizo ndani yake zimeichemsha gesi hadi karibu kelvini 10,000.

Halijoto sasa, na hapa naomba nichukue nafasi, kwa kuwa mfano wake ni mzuri mno kuuharakisha.

Molekuli huzunguka, na mizunguko yake ina ngazi. Molekuli iliyo ngazi ya chini kabisa hufyonza mwanga kwenye mahali fulani pa spektra, na iliyo ngazi inayofuata hufyonza pembeni kidogo. Chukua sianojeni, molekuli ya atomu moja ya kaboni na moja ya nitrojeni. Mstari wa ngazi ya chini uko nanomita 387.46, na mmoja wa ngazi ya kwanza uko 387.40. Ukipima kina cha mistari hiyo unajua ni molekuli ngapi ziko ngazi ipi, na idadi hizo zinafungamana na halijoto kwa kanuni ya Boltzmann: walio juu gawanya kwa walio chini ni sawa na 3 × e^(−5.4/T), T ikiwa kelvini.

Mwaka 1941 Andrew McKellar, huko Victoria, alichukua vipimo vya Walter Adams wa Mount Wilson vya nyota ileile Zeta Ophiuchi, akaweka namba kwenye kanuni hiyo. Alipata kelvini 2.3. Wanafunzi wako waijaribu: kwa kelvini 80, ambayo ndiyo halijoto ya kawaida ya gesi kwenye mawingu mepesi, kanuni inadai molekuli 280 za juu kwa kila 100 za chini. Kwa kelvini 2.7 inadai kama 40 tu. Vipimo vilikuwa upande wa namba ndogo, bila ubishi. Lakini wakati ule jibu halikuwa na pa kushikia. Hata Gerhard Herzberg, bingwa wa spektra za molekuli, aliandika mwaka 1950 kwamba namba ile ina maana finyu sana.

Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza mnururisho wa redio unaotoka kila upande wa anga, wenye halijoto ya kelvini 3.5 kwa kipimo chao cha kwanza. Ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, na leo tunajua ni kelvini 2.725. Mara wachunguzi wakaukumbuka mstari wa McKellar. Sianojeni ilikuwa inapokea mawimbi ya mabaki hayo, yenye urefu wa milimita 2.6, na kupanda ngazi kwa nishati yake. Kipimajoto cha ulimwengu mzima kilikuwa kimesomwa miaka 24 kabla, ndani ya wingu lililo mbele ya nyota moja.

Kwa mwanafunzi wako kuna fundisho ndani ya kisa hiki. Mbona sianojeni inaonyesha 2.7 wakati gesi yenyewe ina 80? Kwa sababu gesi ni chache mno. Molekuli hii haigongwi mara kwa mara kiasi cha kuijua halijoto ya jirani zake, inatii mnururisho. Molekuli ya hidrojeni, kwa upande wake, inatii migongano. Satelaiti ya Copernicus, iliyorushwa Agosti 1972, ililinganisha ngazi zake mbili za chini kwa mwanga wa urujuanimno, na wastani kwenye njia nyingi ukawa karibu kelvini 80. Kwa hiyo ukisikia mtaalamu anataja halijoto ya wingu, muulize ameipata kwa molekuli ipi.

Mpaka hapa tumetegemea nyota iliyo nyuma ya wingu. Wingu likiwa nene, nyota haionekani kabisa, na inabidi gesi ijitangaze yenyewe kwa redio. Hidrojeni ya atomu moja moja hufanya hivyo. Protoni na elektroni zake zina mzunguko wa ndani, na elektroni inapogeuza wake hutoka wimbi la sentimita 21, masafa ya megahezi 1420.4. Atomu iliyoachwa peke yake husubiri wastani wa miaka milioni 11 kabla ya kutoa wimbi hilo. Hendrik van de Hulst alilitabiri mwaka 1944 akiwa Uholanzi iliyokuwa chini ya Wajerumani, na Harold Ewen na Edward Purcell wakalinasa tarehe 25 Machi 1951 Harvard, kwa pembe ya mbao iliyotokezwa dirishani. Leo kazi hiyo inafanywa kwa ukubwa wa kipekee na MeerKAT, darubini ya redio yenye masinia 64 yaliyoko Karoo, Afrika Kusini. Inaendelea kukua na kuwa sehemu ya SKA, mradi wa kimataifa wa darubini za redio, ambao Kenya ni mmoja wa washirika wake wa Kiafrika.

Kwenye mawingu baridi zaidi atomu za hidrojeni hushikana mbili mbili, na hapo hunyamaza. Molekuli hiyo ina ulinganifu kamili, haina upande wenye chaji zaidi, na ngazi yake ya kwanza inayoweza kutoa mwanga inahitaji nishati sawa na kelvini 510. Kwenye wingu la kelvini 10 hakuna wa kuipandisha. Kuwapo kwake kulithibitishwa mwaka 1970 na George Carruthers, mwanasayansi Mmarekani mweusi, aliyerusha kamera ya urujuanimno kwa roketi na kuona mistari yake mbele ya nyota Xi Persei, ambako wingu si nene sana. Kwa mawingu mazito tunatumia kaboni monoksidi. Mwaka huohuo Wilson na Penzias, pamoja na Keith Jefferts, waliikuta ikitangaza kwa nguvu kutoka Orion, kwenye gigahezi 115.27. Inakadiriwa kwamba kwa kila molekuli moja yake kuna kama 10,000 za hidrojeni. Mstari wake wa kawaida umejaa mno kiasi kwamba unatupa halijoto tu. Wingi tunauchukua kwa ndugu yake mwenye kaboni-13, aliye adimu, kwenye gigahezi 110.20. Ni mantiki ileile ya mistari ya sodiamu: uliojaa haukuhesabii, tafuta ulio dhaifu.

Hewa yetu inasumbua huku pia, kwa sababu mvuke wa maji hufyonza mawimbi ya milimita. Ndiyo sababu ALMA, darubini ya mawimbi hayo yenye antena 66, imejengwa kwenye jangwa la Atacama, Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa antena moja desturi ni kuielekeza kwenye wingu, kisha kwenye anga tupu ya karibu, na kutoa kimoja kwa kingine.

Limebaki swali ambalo mwanafunzi hakuliuliza ila atalifikia: je, kama mistari ya molekuli mbili imeangukia mahali pamoja? Hilo linatokea, na ni hatari kweli. Molekuli zaidi ya 300 zimeshatambuliwa angani, ikiwamo pombe ya ethanoli. Kila moja imekubaliwa kwa kulinganishwa na masafa yaliyopimwa maabara au kukokotolewa kwa usahihi mkubwa, na kwa molekuli kubwa mstari mmoja haukubaliki kuwa ushahidi. Lazima mistari yake yote iliyo ndani ya uwezo wa chombo ionekane, kila mmoja kwa nguvu yake. Mwaka 2003 kundi moja lilitangaza kuiona glisini, asidi amino iliyo sahili kuliko zote, kwenye mawingu matatu. Mwaka 2005 wengine walipitia kazi hiyo na kuonyesha kwamba mistari kadhaa iliyopaswa kuwapo haikuwapo. Madai yalianguka, na mpaka sasa sikubali dai la namna hiyo kabla sijaona orodha ya mistari iliyokosekana.

Na yapo mambo yasiyotatuliwa. Heger, yuleyule wa sodiamu, mwaka 1922 alichapisha michirizi mipana ya giza kwenye spektra za nyota, penye nanomita 578.0 na 579.7. Sasa inajulikana zaidi ya 500 ya aina hiyo, na mpaka leo molekuli iliyotambuliwa kwa uhakika kuwa chanzo cha baadhi yake ni moja: tufe la atomu 60 za kaboni lenye chaji, lililothibitishwa maabara huko Basel mwaka 2015.

Darasani, anzeni na wavu wa kutawanyia mwanga wa maabara ya shule. Kutenganisha mistari miwili ya sodiamu kunahitaji uwezo wa 589.3 gawanya kwa 0.6, yaani karibu 1,000. Kwenye spektra ya kwanza uwezo wa wavu ni idadi ya mistari yake iliyoangazwa. Wavu wa mistari 300 kwa milimita ukiangazwa milimita 4 una mistari 1,200, na kwa taa ya sodiamu na mwanya mwembamba mtaiona mistari yote miwili ya sodiamu. Baada ya hapo, mwenye intaneti aingie kwenye hifadhi ya data ya ESO, shirika la Ulaya la kuchunguza anga la kusini, ambayo spektra zake nyingi ziko wazi kwa umma, atafute HD 36486. Hiyo ndiyo Mintaka. Mpakue spektra za miezi tofauti za nyota hiyo, au ya nyota yoyote ya moto iliyo Orion, mwangalie karibu na 589.0, 589.6 na 393.4. Kabla hamjapima, someni maelezo yaliyo mwanzoni mwa faili: kama urefu wa wimbi umeshasahihishwa kwa mwendo wa Dunia, mambo yatageuka, mstari wa wingu utatulia na ile ya mvuke wa maji ndiyo itakayohama.